Miezi Mitatu ya Kutengeneza Mvua

Makarani vijana ninaowaachia meza yangu wameniomba niwaandikie jinsi kazi ya ukalimani inavyofanywa. Nimejaribu na nimeshindwa. Ninachoweza kuandika ni jinsi nilivyoifanya mimi, na hayo ni mambo mawili tofauti. Vyeo nitaviruka kwa sababu vilikuwa vichache, na mishahara nitairuka kwa sababu mnaijua.

Sikuajiriwa kuwa mkalimani. Niliajiriwa kuwa mpiga chapa katika kiwanda cha ushirika cha kuchambua pamba, hapa Bariadi, enzi zile tukiwa bado mkoa wa Shinyanga. Nilitoka kwetu Ngulyati na cheti cha kidato cha nne na viatu vya dada yangu. Siku ya kwanza nilikabidhiwa taipureta isiyo na herufi R. Nilipouliza nifanyeje, karani mkuu aliniambia nipige barua kama kawaida, kisha nizijaze R kwa kalamu kabla hazijaenda kusainiwa. Nilijaza R ya Bariadi kwa mkono miaka mitatu, na hadi leo nikiliandika jina la mji huu mkono husita kidogo pale katikati.

Karani mkuu huyo alikuwa Mzee Shigela, mtu mwembamba aliyefunga baiskeli yake kwa kufuli mbili hata ikiwa ndani ya ofisi. Ndiye aliyenifundisha Kiingereza cha kazi. Barua ikija kutoka nje, aliniweka mbele yake na kuniambia: "Tafuta kwanza mtenda. Kisha tendo. Kisha saa. Ukikosa mtenda, utamsingizia mtu."

Saa, yaani wakati wa tendo, ndiyo iliyomsumbua zaidi. Alikuwa na karatasi ameiandika nyuma ya kalenda, yenye njia zote ambazo Kiingereza hutaja jambo ambalo bado halijatokea: "will", "shall", "going to", "about to" na "is to". Aliniambia ziko tano, hakuna ya sita. "Mwingereza hana hakika na kesho," alisema, "ndiyo maana anaizungukazunguka. Sisi tuna 'ta', inatutosha." Niliikariri karatasi ile kama sala.

Kisha likaja soko huria. Ushirika ukakikodisha kiwanda kwa kampuni binafsi, ubao wa zamani ukang'olewa getini, na ubao mpya ukakaa kichwa chini siku mbili kwa sababu aliyeubandika hakujua kusoma na waliojua kusoma hawakuulizwa. Mzee Shigela alistaafu akaenda Nkoma kulima pamba. Alisema anataka kuujua upande wa pili wa mizani kabla hajafa. Mimi nilibakizwa. Sikuwa hodari kuliko wengine, ila kampuni ilikuwa inaleta fundi kutoka Marekani, na katika kiwanda kizima hakuna mwingine aliyeweza kusema sentensi ya Kiingereza ikafika mwisho.

Fundi huyo alikuwa Bwana Weldoni. Alitoka Teksasi, ambako babu yake, baba yake na yeye wote wamekula kwa pamba. Alikuwa mrefu, wa makamo, na alivaa kofia pana kama ya wachungaji wetu, kwa hiyo wafugaji walimkubali kabla hajafungua mdomo. Tatizo lilianza alipoufungua.

Alitukusanya uwanjani, mbele ya marobota ya pamba. Alianza kwa kusema kwamba yeye ni "fixing to" kutuambia jambo. Alilitamka kama neno moja, fiksinta, lakini sikio langu lilikuwa limefunzwa na likalikamata. "Fix" nilikuwa nalijua. Lilikuwa kwenye barua zote za vipuri: ni kutengeneza, kurekebisha kilichoharibika. Nikatafsiri kwa sauti ya kutosha: "Bwana Weldoni anatengeneza kutuambia jambo."

Watu wakatulia wamwone akitengeneza. Hakutengeneza; alisema tu. Alisema kampuni ni "fixing to" kuleta mashine mbili mpya, zinazochambua pamba kwa misumeno badala ya rola. Nikasema kampuni inatengeneza kuleta mashine mbili mpya.

Fundi wetu mkuu, Maduhu, akanyoosha mkono. "Dada Nkwimba, muulize. Zimeharibika kabla hazijafika?"

Niliuliza. Bwana Weldoni akasema hapana, hazijawahi hata kuwashwa.

"Basi anatengeneza nini?" Maduhu akauliza.

Hilo sikulitafsiri. Mkalimani mpya huogopa swali ambalo naye angependa kuliuliza.

Mwisho wa mkutano Bwana Weldoni akatazama juu. Ilikuwa majira ya kungoja mvua za kupandia, na mawingu yalikuwa yamekusanyika na kutawanyika wiki nzima. Akajisugua goti, akasema "it's fixing to rain" kabla ya chakula cha jioni. Nikatafuta mtenda kama nilivyofundishwa. Yule "it" sikumjua ni nani, na mtu pekee aliyekuwa amesimama pale akisema habari za kutengeneza alikuwa Bwana Weldoni mwenyewe. Nikawaambia watu: "Anatengeneza mvua. Itakuwa tayari kabla ya chakula cha jioni."

Saa kumi na moja ilinyesha mvua iliyoondoka na kandambili za watu kupitia mtaro wa mbele ya kiwanda.

Sikuwa mjinga kabisa. Nilihisi kuna kitu hakijakaa sawa, nikamwandikia Mzee Shigela kule Nkoma, nikampa barua dereva wa lori. Jibu lilirudi baada ya siku nne, kwa mwandiko wake wa kulala. "Fix ni kutengeneza, usibabaike. Wamarekani ni watu wa ufundi. Huenda kwao ni adabu kwamba mtu hafanyi jambo kabla ya kulitengeneza." Nilisoma nikatulia. Niliendelea kutengeneza. Bwana Weldoni alitengeneza kwenda posta, alitengeneza kulala, siku moja alitengeneza kukasirika, na kweli akakasirika. Wafanyakazi walimheshimu mno. Walikuwa hawajawahi kuona mtu anayejiandaa kiasi hicho kwa kila kitu.

Habari ya mvua nayo ilitembea. Wiki mbili baadaye tulipokea wageni wanne kutoka Mwamapalala, wakiongozwa na Mzee Ng'wandu, mfugaji mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Walikuja na kondoo jike mweusi. Walisalimia, wakakaa, wakanywa maji, wakasalimia tena. Kisha Mzee Ng'wandu akasema kwa Kisukuma: "Tumesikia mgeni anatengeneza mvua. Kwetu bado kukavu. Tunaomba atutengenezee na sisi."

Nikamwambia Bwana Weldoni kwamba wazee wanaomba awatengenezee mvua. Alitabasamu kama mtu aliyepewa mzaha asioujua. Akasema kwa upole kwamba hayuko "fixing to" kufanya lolote kuhusu mvua.

"Hatengenezi chochote kuhusu mvua," nikasema.

Mzee Ng'wandu akafikiri. "Hajaanza, au hataki?"

Nikauliza. Bwana Weldoni akaangalia saa yake, akasema kwa sasa ni "fixing to" kula.

"Anasema kwa sasa anatengeneza chakula."

"Hata chakula anatengeneza mwenyewe," Mzee Ng'wandu akawaambia wenzake, na wote wakaitikia kwa kichwa. Walimfunga kondoo kwenye mti wa geti na kuondoka bila haraka, kama watu walioacha saa kwa fundi.

Tulijaribu kumrudisha yule kondoo, lakini kila gari lililoelekea huko lilikuwa limejaa. Akabaki. Alikula mbegu za pamba akanenepa, akazoea king'ora cha kiwanda, na mwezi wa pili akazaa. Mvua ilinyesha Bariadi. Ilinyesha Ngulyati, ikanyesha Nkoma. Mwamapalala haikunyesha. Mawingu yaliupita ujumbe ule wa Mzee Ng'wandu kama karani anayeruka mstari.

Watu wa Mwamapalala walihesabu walichoona, na sitawalaumu. Mgeni alipokea kondoo, kondoo alizaa, kwingine kote kulinyesha. Wakaanza kusema huyu hatengenezi tena, huyu amefunga. Mkisoma haya mkiwa mjini mnaweza kucheka, lakini kwetu kumwambia mtu kwamba amefunga mvua si utani. Mahindi yaliyooteshwa na manyunyu ya kwanza yalikuwa yanakauka yakiwa na urefu wa goti, na pamba haikuwa imeota kabisa. Jumatatu moja ililetwa barua iliyosainiwa na kamanda wa sungusungu wa kijiji. Ilisema mtengeneza mvua na mkalimani wake wafike Jumamosi kujieleza, na wafike wao kabla kijiji hakijafika.

Niliificha barua ile siku mbili kwenye droo. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nikitafakari. Nilikuwa nikiogopa.

Jumatano ndipo tulipojaribu mashine za misumeno. Ya kwanza ilikaba pamba asubuhi; mchana Maduhu akafungua mfuniko na kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko kuichomoa. Bwana Weldoni alikuwa upande wa pili kwenye swichi, hamwoni. Akapaza sauti kwamba ni "fixing to" kuiwasha.

Nikapaza sauti nami: "Anatengeneza ili aiwashe."

Maduhu akasikia anatengeneza. Fundi akisikia mwenzake anatengeneza, anajua ana nafasi. Akaendelea kuchomoa pamba. Mota ikanguruma.

Misumeno haikuzunguka. Asubuhi ile, mashine ilipokaba, Maduhu mwenyewe alikuwa ameuvua mkanda wa mashine akaushone mahali ulipochanika, na hakuwa ameurudisha. Mota ilizunguka bure. Maduhu alitoa mkono taratibu, akautazama pande zote mbili, akahesabu vidole kwa mkono mwingine. Halafu akanitazama mimi.

"Dada, umesema anatengeneza."

"Ndivyo alivyosema."

Bwana Weldoni alikuja mbio, uso umekuwa wa rangi ya pamba. Aliuliza kwa nini hakuna aliyemwambia kuna mtu ndani, wakati yeye ametangaza kwamba anawasha. Nikamwambia hakutangaza kwamba anawasha, alitangaza kwamba anatengeneza. Akasema alisema ni "fixing to". Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu, alikuwa anatengeneza nini.

"Sitengenezi kitu," akasema. Hakutengeneza kitu hata siku moja. Kwao, alinieleza huku akifuta jasho kwa kofia, mtu akiwa "fixing to" kufanya jambo maana yake yuko karibu kulifanya, basi. Ni kesho iliyo jirani. Bibi yake alisema hivyo, mchungaji wa kanisa lao alisema hivyo. Hakuwahi kufikiri kuna mtu duniani asiyesema hivyo.

Nilikaa juu ya robota. Yote niliyotafsiri kwa miezi mitatu yalipita mbele yangu yakiwa na nyundo na bisibisi. Kisha nikaenda ofisini nikaitoa ile barua ya Mwamapalala.

Jumamosi tulikwenda kwa pikapu ya kampuni, Bwana Weldoni akiendesha, mimi pembeni, kondoo na mtoto wake nyuma. Nilimweleza kila kitu njiani. Alisikiliza bila kunikatiza hadi tulipovuka mto mkavu.

"Wanaamini ninatengeneza mvua," akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Nani aliwaambia?"

"Wewe. Kupitia mimi."

Akaongeza mwendo. Nami nilikuwa na wazo moja la aibu, nalo nawaandikia kwa sababu mtakutana nalo. Ningeweza kunyamaza. Angesema lolote, nami ningewaambia wazee lolote, na hakuna binadamu pale ambaye angejua. Mkalimani ndiye mtu pekee anayeweza kudanganya pande mbili kwa pumzi moja.

Walitungoja kwenye kivuli cha ukuta wa ghala la chama cha msingi cha wakulima. Wanaume wengi, wanawake wachache nyuma, vijana wa sungusungu na mikuki yao imeegemezwa. Mzee Ng'wandu alimtazama kondoo, akamtazama mtoto wake, akasema tuanze.

Nilisimama kabla Bwana Weldoni hajasema kitu. Nikawaambia kwa Kisukuma kwamba mgeni hakuwahi kutengeneza mvua wala kuifunga. Nilikosea neno mimi. Nilidhani amesema anatengeneza mvua, kumbe alisema itanyesha tu.

Mzee Ng'wandu akakuna kidevu. "Kwa hiyo lile neno lake ni sawa na kusema 'ita'."

"Ndiyo, baba."

"Alisema itanyesha kabla ya chakula cha jioni."

"Ndiyo."

"Ikanyesha."

"Ndiyo."

"Alijuaje?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Manung'uniko yakapita nyuma kwa wanawake. Nilikuwa nimemtoa mtu kwenye kosa la kutengeneza mvua nikamtia kwenye kosa la kuijua, na la pili lilionekana kubwa zaidi. Nikamgeukia Bwana Weldoni, nikamwambia wanataka kujua alijuaje.

Akapandisha suruali juu ya goti la kushoto, lenye kovu refu, akasema aliwahi kuangukiwa na robota la pamba, na tangu hapo mvua ikikaribia goti humuuma.

Nikatafsiri neno kwa neno. Niliapa moyoni kwamba siku hiyo sitaongeza wala kupunguza. "Anasema goti lake ndilo humwambia."

Mzee Ng'wandu alilitazama lile goti muda mrefu. Kisha akainuka kwa shida, akapandisha shuka. "Langu ni la kulia," akasema. "Ng'ombe dume alinibana zizini."

"Mimi ni kiuno," akasema mzee mwingine.

"Mimi kidole cha mguu," akasema kamanda wa sungusungu, aliyesaini ile barua.

Kwa robo saa hakuna aliyenihitaji. Wazee walimzunguka Bwana Weldoni wakibonyeza goti lake, naye akabonyeza la Mzee Ng'wandu, wakaelewana bila mkalimani kuliko walivyowahi kuelewana nikiwepo. Mwisho Mzee Ng'wandu akaniambia nimuulize swali moja: goti lake linasema nini kuhusu Mwamapalala?

Bwana Weldoni akasema halisemi kitu. Hajui.

"Langu pia halisemi kitu," Mzee Ng'wandu akawaambia watu. "Kama angekuwa ameifunga, angesema anajua itafunguka lini. Kesi ya mgeni imekwisha. Ya mkalimani bado."

Nilitozwa faini ya kondoo mmoja kwa kusema neno nisilolijua mbele ya watu. Bwana Weldoni alinipa yule mtoto wa kondoo nikalipa palepale, na mama yake akarudishwa kwa mwenyewe. Mvua ilinyesha Mwamapalala wiki ya pili baada ya hapo, bila kumshirikisha mtu yeyote. Mahindi yalikuwa yamekwisha kufa, ila pamba waliipanda upya ikashika.

Tulipokuwa tunaondoka, mwanamke mmoja mtu mzima aliyekuwa amekaa nyuma muda wote akanishika mkono. "Mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma, "ulikaa na huyo mtu miezi mitatu. Kwa nini hukumuuliza yeye mwenyewe?"

Nikamwambia niliogopa ataona sijui.

"Na sasa ameona nini?" akauliza, akaniachia mkono.

Kiwandani habari ilifika kabla yetu. Vijana wa mashine wakaanza kuita kila ahadi ya kampuni "fiksi", yaani uongo. Mabuti ya kazi yalikuwa fiksi, choo kipya kilikuwa fiksi. Sidai kwamba neno hilo la mtaani lilizaliwa kwetu. Watu wa Dar wana viwanda vyao vya maneno. Maduhu alinisamehe, lakini hadi anastaafu hakuingiza tena mkono kwenye mashine bila kung'oa mkanda kwanza na kuuvaa shingoni.

Jumatatu asubuhi nilimfuata Bwana Weldoni na daftari. Nilikuwa nimeandika kila neno lake ambalo nililitafsiri kwa kubahatisha. Yalijaza kurasa tatu. Alizima mashine, tukakaa juu ya marobota, tukayapitia moja moja. Mengine nilikuwa nimeyapata. Mengine, kwa mfano lile ambalo nililitafsiri kwamba kampuni itawaua wafanyakazi wavivu, kumbe itawafukuza kazi tu, tuliyanyamazia kidogo kabla ya kuendelea.

Tulimaliza karibu na saa sita. Nikamuuliza kama naye ana lolote la kwetu ambalo hakulielewa na aliona aibu kuuliza. Akasema hana. Kisha akasema labda jambo moja dogo. Alitaka kujua kwa nini kila akiniita jina langu, mimi hulirudia na kuongeza neno "duhu".

Nikamuuliza jina lipi.

"Mhola," akasema.

Ilinichukua muda. Siku aliyofika, pale getini, aliniambia jina lake kisha akauliza "And you are?", yaani mimi ni nani. Kwa lafudhi ile nilisikia ananiuliza hali, na kwa woga nikajibu kwa lugha ya nyumbani: mhola, yaani njema. Tangu siku hiyo alikuwa akiniita kutoka upande wa pili wa uwanja, mara kumi kwa siku, "Mhola", nami nikimjibu kwa nguvu zilezile, "Mhola duhu", njema kabisa, nikistaajabu jinsi Mmarekani anavyojali afya ya watu. Barua zake zote kwenda makao makuu zilikuwa na jina hilo. Wafanyakazi wote walijua, na kila mmoja alidhani ni mimi niliyependa iwe hivyo.

Nikamwambia naitwa Nkwimba. Akasimama, akavua kofia, akanipa mkono, akasema amefurahi kunifahamu.